Chai Isiyo na Chumvi

Kila alfajiri, watu wa kisiwa cha Veyvaru walipotoka msikitini, Maalim Easa alibaki nyuma. Alikaza shuka yake kiunoni, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi, akazunguka upande wa kibla. Huko yalisimama matangi mawili makubwa ya maji ya mvua. Wanawake walikwisha kujipanga na madumu yao.

"Asalamu alaikum, Maalim."

"Waalaikumu salamu. Dumu moja kwa nyumba moja. Anayetaka kufulia akateke kisimani. Haya ni ya kunywa."

"Tunajua, Maalim. Umetuambia jana na juzi."

"Na kesho nitawaambia tena."

Wanawake walicheka, naye akafungua bomba. Maji yale yalikuwa wakfu. Yalitoka mbinguni, yakaanguka juu ya paa la msikiti, yakapita kwenye mifereji, yakaingia tangini. Hayakuwa ya mtu. Maalim Easa alikuwa mwangalizi wake, kama baba yake alivyokuwa kabla yake. Alikuwa pia mwadhini, na nusu ya kisiwa ilijifunza alifu na bee mbele ya mkeka wake. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na heshima ile aliipenda.

Jambo jingine lililompa heshima lilikuwa elimu ya nakai. Wazee wa Maldivi waliugawa mwaka kwa vipindi, kila kipindi na upepo wake, jua lake na mvua yake. Vipindi hivyo ndivyo nakai. Maalim Easa alizijua zote kwa majina na kwa tabia. Nakai ya Reyva ilipokwisha, kiangazi kilikwisha. Nakai ya Assidha ilipoingia, mvua iliingia nayo.

Kwa hiyo kila mwaka, siku ya mwisho ya Reyva, Maalim Easa alifungua vizibo vya chini vya matangi. Maji ya zamani yalimwagika yote. Kisha aliingia ndani na kumbi la nazi, akasugua kuta mpaka zikang'aa, ili mvua mpya ikute nyumba safi. Watoto walikimbia vichochoroni wakipiga kelele, "Maalim amefungua! Maalim amefungua!" Kila nyumba iliposikia, nayo ilimwaga tangi lake ikasugua. Siku chache baadaye, mvua ilikuja. Ilikuwa hivyo mwaka baada ya mwaka.

Mwaka huo, Reyva ikiwa inaelekea ukingoni, Nashfa alimfuata pwani. Nashfa alikuwa mwanamke kijana aliyefanya kazi katika baraza la kisiwa. Alipelekwa Male, mji mkuu, akafundishwa kupima mvua na kusoma utabiri wa msimu. Alimkuta Maalim Easa amekaa juu ya kiti cha kamba pamoja na wanaume wengine, wakitafuna popoo.

"Maalim, nina ombi," alisema. "Mwaka huu usiyafungue matangi."

Maalim Easa alicheka. "Nashfa, wewe ulipokuwa huwezi kutofautisha sini na shini, mimi nilikuwa nayasugua matangi hayo."

"Ni kweli, na fimbo yako naikumbuka mpaka leo. Lakini nisikilize. Utabiri wa msimu umetoka. Unasema mvua zinaelekea kuchelewa. Na zikianza, zinaelekea kuwa chini ya wastani."

"Zinaelekea! Zinaelekea! Mbona hausemi siku?"

"Hakuna aijuaye siku, Maalim. Utabiri unaeleza lililo karibu zaidi kutokea. Chukua miaka kumi yenye bahari kama ya mwaka huu. Katika miaka saba, mvua ilichelewa. Katika mitatu, ilikuja kama kawaida."

"Na bahari ina habari gani na tangi langu?"

"Bahari ndiyo jiko la mawingu. Mwaka huu joto kubwa limehamia bahari ya mbali sana, huko mashariki, na mawingu mengi yamelifuata. Upepo wetu wa mvua utakawia. Na hata maji yetu hapa yamepata joto kuliko desturi. Hukuona matumbawe yanavyogeuka meupe?"

Maalim Easa alikuwa ameyaona. Aliyaona kwa macho yake, meupe kama mifupa, alipokwenda kuoga mwambani. Akaendelea kutafuna popoo.

"Maji yakipata joto hutanuka," Nashfa akaendelea. "Kwa hiyo bahari imepanda kidogo. Utabiri unatuonya kwamba siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, na mawimbi marefu yakija, maji yanaweza kuvuka ufuko na kuingia visimani. Basi tusiyaguse maji ya mvua tuliyonayo."

Jirani yao Gafoor alitema popoo pembeni. "Maalim, umepata mwalimu!"

Wanaume walicheka. Maalim Easa alihisi uso wake unapata moto.

"Mvua haiandikwi ofisini," alisema kwa sauti ya kusikika. "Mvua huteremshwa."

"Huteremshwa, nami naamini hivyo," Nashfa akajibu kwa upole. "Wewe unatazama nyota, sisi tunatazama joto la bahari. Sote tunasoma alama tu. Nakai inakwambia tabia ya miaka mingi. Utabiri unakwambia tabia ya mwaka huu. Sikwambii utupe nakai. Ungekuwa na mayai kumi, ukaambiwa huenda saba ni mabovu, ungeyavunja yote pamoja sufuriani?"

"Ningevunja moja moja kwenye kikombe."

"Basi fungua tangi moja tu. La pili libaki limejaa mpaka mvua inyeshe."

Lilikuwa jambo jepesi, na Maalim Easa aliona kwamba lina akili. Lakini wanaume walikuwa wakimtazama kuona atajibu nini. Alichukua karatasi ya utabiri mkononi mwa Nashfa, akampa Gafoor.

"Chukua," akasema. "Kafungie samaki."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nashfa hakucheka wala hakukasirika. Aliaga kwa adabu, akaenda zake.

Siku ya mwisho ya Reyva ilifika. Asubuhi, kabla ya yote, Maalim Easa alijaza madumu matatu, akayapeleka nyumbani kwa toroli, amefunika gunia juu. Alifanya hivyo kila mwaka. Maji yatamwagwa tu, alijiambia, na mwangalizi naye ana sehemu yake. Mkewe Sanfa aliyapanga nyuma ya mlango wa jiko.

Kisha akarudi msikitini. Watoto walikuwa wakimngoja. Alishika kizibo cha tangi la kwanza, akakivuta. Maji yakaruka. Alipofika kwenye tangi la pili, mkono wake ulisita. Alikumbuka mayai.

"Vipi, Maalim?" Gafoor aliuliza kutoka kivulini. "Unangoja karatasi ikupe ruhusa?"

Maalim Easa alikivuta kizibo cha pili.

Maji yalienda kwa kishindo, yakatengeneza kijito, yakazama mchangani. Watoto walicheza ndani yake, kisha wakatawanyika wakiimba, "Maalim amefungua!" Mpaka adhuhuri, kila tangi la Veyvaru lilikuwa tupu na safi.

Assidha iliingia. Wingu jeusi lilisimama magharibi, likavuta pumzi, likaondoka. Siku ya pili halikuja hata hilo. Jua lilipanda jeupe, likashuka jeupe. Matangi safi yalikuwa yakipasha joto hewa tupu. Ukiligonga tangi la msikiti kwa kidole, lililia kama ngoma.

Watu walirudi kwenye visima. Nashfa alipita nyumba kwa nyumba akionya. "Tekeni kidogo kidogo. Chini yetu maji matamu ni tabaka jembamba, limeelea juu ya maji ya chumvi. Mkiteka kwa pupa, chumvi inapanda."

Kisha mwezi ukaandama, na bamvua ikaja na mawimbi marefu kutoka kusini. Ilikuwa mchana, watu wakijiandaa kwa sala ya adhuhuri. Bahari haikupiga kelele. Ilipanda tu ufukoni, ikavuka njia, ikaingia nyuani, ikafagia mashimo ya vyoo, ikatumbukia visimani. Ilipokwisha kurudi, visima vya upande wa chini vilikuwa na chumvi na harufu. Visima vya upande wa juu navyo vilianza kubadilika ladha.

Hakuna aliyemtukana Maalim Easa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alfajiri, wanawake hawakuja tena nyuma ya msikiti. Alikwenda peke yake na ufunguo wake, akasimama mbele ya matangi, akarudi. Njiani watu walimwamkia kama desturi, lakini salamu zilikuwa fupi. Gafoor peke yake ndiye aliyethubutu kumtania.

"Maalim, hii Assidha yako imeteremkia Male kunywa soda nini?"

Hakuna aliyecheka. Hata Gafoor mwenyewe hakuendelea. Tangi lake nalo lilikuwa tupu.

Baraza liliomba meli ya maji. Likajibiwa kwamba meli itakuja, lakini visiwa vingi vimeomba, kwa hiyo ni zamu kwa zamu. Watu walinywa maji ya kisima, wakayachemsha, wakaweka majani mengi ya chai kuficha ladha. Mchuzi wa jodari haukutiwa chumvi tena, kwa kuwa maji yalikuja nayo.

Katika nyumba moja, chai ilikuwa kama zamani.

Maalim Easa aliijua tofauti kila alipoinua kikombe. Mwanzoni alijiambia kwamba atayatoa madumu yale haja ikizidi. Haja ikazidi. Akajiambia kwamba madumu matatu hayatoshi kisiwa kizima, na ukimpa mmoja utawaudhi wengine. Kisha likaja jambo jingine, nalo ndilo lililomfunga kinywa. Akiyatoa sasa, watu watauliza yalikuwa wapi siku zote. Kila siku iliyopita iliongeza ugumu wa kusema. Alikula kidogo, akalala vibaya. Alipoadhini, alijua kwamba koo lililokuwa likiita watu kwenye haki lilikuwa limelainishwa kwa maji yao.

Imamu alitangaza sala ya kuomba mvua. Asubuhi ya siku hiyo, kabla watu hawajakusanyika uwanjani, Nashfa alibisha hodi kwa Maalim Easa. Alikuja kumwomba awatangazie watu kwa kipaza sauti waje mapema.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani," Sanfa alisema. Kama mwanamke yeyote wa Veyvaru, mgeni akiingia mkono wake humimina chai wenyewe. Alimimina. Alipokumbuka, kikombe kilikuwa tayari mkononi mwa Nashfa.

Nashfa alikunywa funda moja. Akanywa la pili, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Chai yenu haina chumvi," alisema. "Mna maji matamu bado?"

Nzi alitembea ukingoni mwa sahani ya sukari.

"Ni maji kidogo yaliyobaki kwenye birika," Maalim Easa alisema. "Yamekwisha."

Nashfa alikiweka kikombe chini. Hakugeuka kutazama mlango wa jiko. Alisema tu, "Nimeuliza kwa sababu ya mtoto wa Faiha."

"Lamha? Ana nini?" Sanfa akashtuka. Faiha alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, na binti yake Lamha alikuwa mdogo wa miaka miwili.

"Anaharisha tangu jana. Amelegea, macho yameingia ndani. Zahanati ina pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini, ile ya chumvi na sukari. Lakini pakiti inataka lita moja ya maji matamu na safi. Faiha amechemsha ya kisima. Nimemkataza. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Tena maji yanapopungua sufuriani, chumvi inazidi. Ukitia dawa ile ndani ya maji ya chumvi, unamkausha mtoto badala ya kumponya. Chupa za zahanati zimekwisha. Nimetuma watu kisiwa cha jirani, lakini mashua haijarudi."

Alisimama, akajifunga vizuri mtandio wake.

"Samahani kwa usumbufu, Maalim."

Alitoka. Maalim Easa alibaki akitazama kikombe. Nusu ya chai ilikuwa bado imo.

"Easa," mkewe akasema. Hakumwita Maalim. "Umemdanganya mtoto uliyemfundisha Fatiha."

"Nyamaza, Sanfa."

"Nimenyamaza tangu bamvua. Kila nikichota dumu lile naona kama naiba. Nami nimeiba, kwa kuwa nimekunywa pamoja nawe."

Maalim Easa alijifunika uso kwa viganja. "Nitampelekea. Nitampelekea magharibi ikiingia, giza likifunga. Nitaliweka mlangoni nigonge, niondoke."

"Mtoto angoje giza ili wewe usionekane?" Sanfa akainuka. "Yale uliyoyamwaga, uliyamwaga mchana watu wakiona. Na haya yapeleke mchana, watu wakiona."

Aliingia jikoni, akalivuta dumu la kwanza mwenyewe. Halikuwa limeguswa. La pili pia lilikuwa limejaa. La tatu lilikuwa karibu nusu. Maalim Easa alilitazama lile nusu tupu, akaona waziwazi chai zote alizokunywa.

Alitoa toroli. Mkono wake ulikwenda kwenye gunia kwa mazoea, ufunike. Akalitupa gunia chini.

Njia ya kwenda kwa Faiha ilipita ukingoni mwa uwanja. Watu wa Veyvaru walikuwa wamejaa pale, wanaume mbele, wanawake nyuma, juani bila kivuli. Imamu alikuwa amesimama mbele yao akiwaandaa.

"Ndugu zangu," alikuwa akisema, "kabla hatujamwomba Mola wetu maji, kila mwenye haki ya mwenzake mkononi mwake airudishe."

Gurudumu la toroli lilikuwa na kutu. Lilipiga kelele njia nzima. Vichwa viligeuka. Watu waliyaona madumu, wakaona namna yalivyokuwa mazito, wakaona ni nani anayeyasukuma.

Maalim Easa angeweza kupita. Angeweza kusema baadaye kwamba ni maji ya mashua. Miguu yake ilitaka kupita. Alisimama. Sauti yake, iliyozoea kufika mwisho wa kisiwa, ilitoka ndogo.

"Haya ni maji ya msikiti," alisema. "Niliyachota kabla sijafungua matangi. Yamekaa nyumbani kwangu. Ninyi mmekunywa chumvi, mimi nimekunywa haya. Nashfa alinionya mbele ya watu, nami nikamcheka mbele ya watu. Leo ameniuliza kama nina maji, nikamwambia yamekwisha. Nilisema uongo. Nayapeleka kwa mtoto wa Faiha. Yatakayobaki, yagaweni."

Mwanamke mmoja katika safu za nyuma alianza kulia, si kwa sauti. Huyo alikuwa mama yake Faiha. Gafoor alitazama mchanga. Huenda alikumbuka mdomo wake kivulini.

Kisha Nashfa akatoka katika safu. Alishika mkono mmoja wa toroli.

"Twende, Maalim," alisema. "Mtoto kwanza."

Nyumbani kwa Faiha, Nashfa alichemsha maji, akayaacha yapoe, akapima lita moja, akatia pakiti ya dawa, akakoroga. Faiha alimnywesha Lamha kwa kijiko. Maalim Easa alisimama uani, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Alisikia kijiko kikigonga kikombe, kisha kikigonga tena. Faiha alipotoka kuchukua kitambaa, macho yao yakakutana.

"Faiha, mwanangu, nisamehe."

"Sina nafasi ya kukusamehe sasa hivi, Maalim," Faiha akasema. "Mwanangu anakunywa."

Akaingia ndani. Maalim Easa aliona kwamba jibu lile lilikuwa la haki.

Aliporudi uwanjani, watu walikuwa katika dua. Imamu alikuwa ameligeuza joho lake, la ndani likawa nje, na wanaume wote walikuwa wamegeuza shuka zao za mabegani, kama ilivyo sunna ya sala ile. Ni ishara ya kumwomba Mungu abadilishe hali. Maalim Easa alisimama nyuma ya safu ya mwisho ya wanaume, peke yake. Akaivua shuka yake ya begani, akaigeuza.

Mvua haikunyesha siku hiyo. Haikunyesha juma hilo wala la pili. Mashua ilileta chupa za zahanati, meli ya maji ilifika zamu yake, na Lamha alipona, akaanza kuomba mkate. Maalim Easa alikunywa maji ya chumvi kama wengine. Nakai ya Assidha ilikwisha. Ya Burunu nayo ilikuwa inakwisha, ndipo wingu lilipokuja na kukaa, na mvua ya kwanza ikapiga mapaa ya mabati.

Baada ya sala ya Ijumaa, Maalim Easa alimkabidhi Imamu ufunguo. Imamu aliupokea, akaliweka shauri mbele ya mkutano. Watu walizungumza sana. Wengine walitaka aondolewe kabisa. Mwisho walikubaliana kwamba kufuli ziwe mbili. Ufunguo mmoja abaki nao Maalim Easa, wa pili akae na mwanamke mmoja wa kamati ya akina mama, na bomba lisifunguliwe mpaka wote wawili wawepo. Akina mama walimchagua Faiha. Hakuna aliyeuliza sababu.

Mambo mengine yalibadilika pia. Nashfa aliwafundisha kufunga bomba la pembeni kwenye mifereji, ili mvua ya kwanza iliyoosha vumbi na kinyesi cha ndege imwagike nje, na mvua safi ndiyo iingie tangini. Visima viliinuliwa kingo kwa saruji, ili bahari ikija isiingie kwa urahisi. Kila mwezi utabiri mpya ulipotoka, ulisomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa, wa mbinguni na wa baharini: mvua inaelekeaje, bahari ina joto kiasi gani, siku za bamvua ni zipi. Aliyeusoma ni Maalim Easa. Aliomba mwenyewe apewe kazi hiyo. Mara ya kwanza wale waliokuwa pwani siku ile walitazama chini, wasimwone.

Mwaka uliofuata, Reyva ikielekea ukingoni, alikwenda ofisi ya baraza. Alisimama mlangoni kama mwanafunzi.

"Nashfa, bahari yasemaje?"

"Yaelekea mvua itachelewa tena, Maalim, ingawa si kama mwaka jana. Wewe nakai yako yasemaje?"

"Nakai inasema fungua. Mimi nasema tungoje."

Siku ya mwisho ya Reyva, watoto walikusanyika nyuma ya msikiti kwa mazoea. Maalim Easa aliwaambia waende nyumbani. Walimzomea. Gafoor alikuwa kivulini palepale. Alifungua mdomo, akaufumba, kisha akasema, "Na mimi langu sijalifungua, Maalim."

Mvua ilichelewa kweli. Nyumba nyingi zilimaliza maji yake, na matangi mawili ya msikiti ndiyo yaliyowavusha, dumu moja kwa nyumba moja, mpaka mvua ikaja. Mvua ya kwanza ilipokwisha kuosha mapaa, Maalim Easa na Faiha walifungua tangi moja, wakalisugua. La pili lilibaki limejaa mpaka la kwanza lilipojaa tena. Hakuna mtoto aliyeugua kwa kunywa chumvi.

Jioni moja katika siku hizo Sanfa alimimina chai. Maalim Easa alikishika kikombe, asikinywe.

"Maji ya wapi haya?"

"Ya msikitini. Nimesimama foleni, nyuma ya mama yake Faiha."

"Wote wamepata?"

"Wote wamepata, Easa. Kunywa."

Alikunywa. Ilikuwa tamu, na uso wake ukapata moto alipokumbuka kikombe alichopewa Nashfa. Alimaliza kikombe, akakikosha mwenyewe kwa maji kidogo, na maji yale ya kukoshea akaenda kuyamwagia mche wa mpilipili uani.